Mbwa huyo ana kwao: dhana potofu kuhusu kuchanja na kuhasi mbwa wa mtaani

"Hawa mbwa hawana wenyewe." Utaisikia Mikindani, utaisikia Newala, utaisikia Nachingwea, na kila inaposemwa kazi ya wanaojitolea kuchanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa na kuwahasi inaharibika kabla haijaanza. Imesemwa mno. Hapa itachukua nafasi kubwa kuliko dhana nyingine, maana nyingi kati ya hizo nyingine zimezaliwa nayo.

Mbwa wengi wanaozurura Tanzania wana kwao. Wanazurura kwa sababu hawafungwi. Asubuhi yuko jalalani, mchana kalala chini ya mkorosho, usiku anabweka uani kwa mtu, na mihogo ikikomaa yuko shambani anafukuza ngedere na nguruwe pori. Muulize mtoto yeyote wa mtaa huo, atakutajia mbwa ni wa kina nani.

Anayeamini mbwa hana mwenyewe hununua nyavu na kukusanya vijana wa kukimbiza. Siku ya kwanza watakamata wachache. Siku ya pili kila mbwa akiona wavu anakimbilia mapagalani, na wenye mbwa wamekwishakasirika kwa kuwa hawakuulizwa. Anayejua mwenyewe yupo humwendea mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji wiki moja kabla, akiongozana na afisa mifugo wa kata. Kipaza sauti kinapita jioni ya kuamkia siku yenyewe, na kituo kinawekwa chini ya mwembe ambako watu wanafika kwa miguu. Mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioanza 2010 chini ya uratibu wa Shirika la Afya Duniani, ambao Lindi na Mtwara zilikuwamo, uliwategemea hao hao wenye mbwa wawalete vituoni.

Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, mmalize kabla ya saa 5, jua halijawa kali. Msipange katikati ya msimu wa korosho, kwani kuanzia Oktoba watu wako mashambani na mbwa wao wako nao. Kila mbwa awe na kamba yake ya mita 2 hivi, kitanzi kifungwe fundo lisilojikaza shingoni. Mbwa wawili kwenye kamba moja watapigana, na atakayeng'atwa ni aliyeshika kamba. Mara nyingi mbwa huletwa na watoto. Wapongezeni, lakini wakati wa sindano ashike mtu mzima. Mkali afungwe mdomo kwa bandeji: fundo juu ya pua, ncha zipishane chini ya kidevu, zikafungwe nyuma ya masikio. Ifunguliwe mara tu sindano inapotoka, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema.

Wapo wanaosita kumleta mbwa kwa ajili ya najisi. Hilo linastahili heshima na linatatulika: kamba ndefu, glavu, na kituoni pawe na maji ya kutosha na udongo safi kwa anayetaka kujitwaharisha.

Kila aliyechanjwa apakwe rangi kichwani au afungwe utepe. Kesho yake jioni piteni mitaani mhesabu wenye alama na wasio nayo. Lengo ni angalau 7 kati ya kila 10. Mkiwa chini ya hapo, rudini nyumba kwa nyumba. Wanaokosekana karibu kila mara ni walewale: watoto wa mbwa, jike anayenyonyesha, na mkali aliyeshindikana kufungwa kamba.

Kwenye upasuaji wa kuhasi, mwenye mbwa anahitajika zaidi. Yeye ndiye anayejua kama mbwa hakula tangu jioni. Aliyekula vichwa vya dagaa alfajiri anaweza kutapika akiwa kwenye dawa ya usingizi, matapishi yakaingia mapafuni, akafa. Maji aachiwe hadi asubuhi. Akirudi nyumbani alale pakavu juu ya gunia safi, asiogeshwe, na mshono utazamwe kila siku kwa siku 10 hadi 14. Uvimbe mdogo mkavu usiwatishe. Damu inayodondoka, usaha, nyuzi zilizoachia, au mbwa kususa chakula siku ya pili: mpigieni daktari wa mifugo hapohapo. Mbwa ambaye kweli hana anayemlisha asiachiwe siku hiyo. Abaki kwenye banda angalau hadi kesho yake.

"Tuwaue, waishe." Hawaishi. Majalala yakibaki na watu wakiendelea kuhitaji walinzi wa mashamba, mbwa wengine wataletwa, na hao hawajachanjwa. Mnakuwa mmewaua hata waliokwishachanjwa, na sumu mnayowawekea huua pia kuku wa jirani.

"Tukihasi, kichaa kitaisha." Kuhasi hupunguza watoto wanaozaliwa. Kinachozuia kichaa ni chanjo. Fedha ikitosha jambo moja tu, chanjeni, na mrudi mwaka unaofuata, maana waliochanjwa hufa na wengine huzaliwa.

"Tuanze na madume, ni rahisi." Rahisi ndiyo, faida ni ndogo. Dume mmoja aliyebaki anatosha kupanda majike ya mtaa mzima. Aliyehasiwa naye anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa baadaye. Jike kwanza, na asisubiriwe azae mara moja. Kungoja azae kwanza hakuna faida yoyote ya kiafya.

"Mtoto wa mbwa hachanjwi." Achanjwe, kisha arudiwe akifika miezi 3. Dozi ni mililita 1, awe wa kilo 2 au kilo 25. Angalia sindano isitokee upande wa pili wa ngozi uliyoinua: manyoya yakilowa, mbwa hajachanjwa.

"Chanjo ikiganda ndiyo salama zaidi." Ikiganda imeharibika. Itunzwe kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, vichupa vizungushiwe gazeti visigusane na barafu.

"Mbwa aliyeng'ata auawe hapohapo." Hapa tena mwenyewe ndiye anayejua alichanjwa lini. Kama mbwa anaonekana mzima, afungwe na atazamwe siku 10. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. Sindano zake zianze bila kungoja siku hizo 10 ziishe. Mbwa akibaki mzima, daktari ataamua kuzisimamisha.