Je, Wajua Kwa Nini Kerneli Iitwayo "stable" Huenda Isiifae Ruta Yako?

Kwenye kernel.org, kila toleo la kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux lina lebo yake: mainline, stable au longterm. Anayegeuza kompyuta ya bodi moja kuwa ruta ya nyumbani huvutwa na ile ya pili. Nani asiyetaka utulivu? Lakini toleo jipya hutoka kila wiki 9 au 10, na likishatoka, stable iliyotangulia hupata viraka kwa wiki chache tu, kisha basi. Ruta ndiyo mlango wa nyumba kwenye intaneti, haiwezi kukaa bila viraka vya usalama. Ukichagua stable, basi, utahama toleo kama mara tano kwa mwaka, na kila kuhama ni nafasi mpya ya kitu kuharibika.

Unayoitaka ni longterm: 5.15, 6.1, 6.6, 6.12 na nyinginezo. Hizi hutunzwa kwa miaka isiyopungua miwili, na ukitoka 6.6.30 kwenda 6.6.31 unapokea marekebisho tu, si vitu vipya.

Ipi kati ya hizo? Anza na chipu za mtandao, si namba. Amri `ethtool -i eth0` itakuonyesha draiva ya poti ya mtandao iitwayo eth0. Bodi yenye RTL8125 ya gigabiti 2.5 inahitaji 5.4 au zaidi ili draiva ya r8169 iitambue. WireGuard, programu ya VPN, imo ndani ya kerneli tangu 5.6. Chukua longterm ambayo tayari inaendesha poti zote mbili bila draiva ya kuongezea pembeni, kwa sababu draiva za pembeni, hasa za Wi-Fi za USB, hugoma kujengwa kila kerneli inapobadilika kwa ndani. Kerneli ya mtengenezaji wa bodi itumie tu pale ambapo ile ya kawaida haijaifikia bodi yako. Mara nyingi viraka vyake huchelewa.

Kinachosumbua zaidi ni dtb, faili linaloieleza kerneli bodi ina vifaa gani na vimeunganishwaje. Mwaka 2020, draiva ya chipu ya mtandao ya RTL8211E ilirekebishwa ili itii kile dtb inachosema kuhusu ucheleweshaji wa mawimbi. Rekebisho lenyewe lilikuwa sahihi. Ila dtb za bodi kadhaa zenye chipu za Allwinner zilikuwa zimeandikwa "rgmii" mahali pa "rgmii-id", na kosa hilo lilikuwa limefichwa na draiva ya zamani. Ghafla taa ya poti inawaka, kasi inasoma 1000, na pakiti hazipiti! Ukikutana na dalili hizo baada ya kusasisha, usihangaike na kebo, kagua dtb. Ndiyo maana kerneli na dtb husasishwa kwa pamoja, na huzuiwa zisisasishwe kwa pamoja. Kwa mfano, kwenye Armbian (Linux iliyotengenezwa kwa bodi hizi) ya bodi zenye chipu za Rockchip:

`apt-mark hold linux-image-current-rockchip64 linux-dtb-current-rockchip64`

Ondoa zuio kwa `unhold` siku uliyotenga, si usiku wa manane, na usilisahau: zuio la kudumu linakurudisha kwenye ruta isiyo na viraka.

Hatari nyingine ni eth0 na eth1 kubadilishana majina, faiawoli ikalinda upande usiostahili. Tafuta ID_PATH (mahali poti ilipounganishwa ndani ya bodi) ya poti ya upande wa intaneti kwa `udevadm info /sys/class/net/eth0`, kisha weka katika `/etc/systemd/network/10-wan.link`:

```
[Match]
Path=(thamani ya ID_PATH)
[Link]
Name=wan0
```

Fanya vivyo hivyo kwa lan0, poti ya upande wa nyumbani, utumie majina hayo kwenye sheria za faiawoli.

Baada ya kuwasha upya, pitisha `iperf3`, kipimo cha kasi ya mtandao, kati ya kompyuta mbili, moja kila upande wa ruta, kwa saa nzima, kisha soma `dmesg`, ujumbe wa kerneli. Ukiona "NETDEV WATCHDOG" na "transmit queue 0 timed out", rudi kwenye kerneli ya awali. Ili urudi, uwe umeiacha ndani ya `/boot` pamoja na dtb yake, na uwe na kebo ya sirio ya volti 3.3, kwani SSH, njia ya kuingia kwenye ruta kupitia mtandao, haitakuwepo. Kwenye kebo hiyo, bodi nyingi za Rockchip huongea kwa kasi ya 1500000, si 115200. Ukiona herufi za ovyo kwenye skrini, badilisha kasi kabla hujaamini kwamba bodi imekufa.