Kiingereza cha mlimani: "heavy rain" na wenzake

Na mkufunzi wa Kiingereza, chuo cha utalii, Moshi

Kijana anayejiandaa kuongoza wageni Kilimanjaro akifika darasani kwetu, msamiati huwa anao. Anajua "rain", anajua "strong", anajua "big". Kinachomsumbua ni lipi linakaa na lipi. Mvua ikimwagika njia ya Machame atasema "big rain", na mgeni ataelewa, ila Mwingereza husema "heavy rain". Upepo ndio unaochukua "strong". Chai yenye majani mengi nayo ni "strong tea", lakini injini ya gari ni "powerful engine". Jaribu kusema "powerful tea" uone watu watakavyocheka.

Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wenzake linaoandamana nao. Sisi tusishangae, maana Kiswahili kina mambo hayohayo. Tunapiga picha, simu, pasi, mswaki, magoti na kambi, wala hakuna anayeumia. Kwa Kiingereza kila kimoja kina kitenzi chake: "take a picture", "make a call", "brush your teeth", na kambi ni "set up camp".

Linalowaponza wengi zaidi ni "refu". Kwetu mtu ni mrefu, mlima mrefu, safari ndefu. Kiingereza kimegawa: "a tall man", "a high mountain", "a long journey". Ukimwambia mgeni kwamba mpagazi wako "is high", umemwambia amelewa au kavuta bangi, na mgeni ana haki ya kuingiwa na wasiwasi. Kuhusu mlima wenyewe, kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Kilimanjaro ni "the highest mountain in Africa". Hata "tallest" utaisikia kwa milima, lakini hapo msemaji kwa kawaida anapima kutoka kitako cha mlima hadi kileleni. Ndiyo sababu Everest ni "highest" duniani, ilhali Mauna Kea ya Hawaii, ambayo kitako chake kiko chini ya bahari, huitwa "tallest". Wageni wadadisi hupenda swali hili, basi jibu uwe nalo kabla ya kufika getini.

Kwenye hema la chakula mitego ni midogo. Sisi tunakunywa dawa. Kiingereza ni "take medicine", iwe kidonge au ya maji. Supu ikinywewa kwenye kikombe ni "drink", ikiletwa na kijiko ni "eat". Anayeogopa kukosea aseme "have some soup", inafaa kote. Chai ya rangi ni "black tea".

Penye afya silegezi. "Strong headache" inaeleweka, lakini kipimo cha Lake Louise, ambacho hutumika kukadiria ugonjwa wa mwinuko, kinapanga maumivu ya kichwa kwa maneno matatu: "mild", "moderate" na "severe". Mwongozaji anayeongea na daktari kwa redio afadhali atumie hayohayo. Ripoti yake ikisomeka "The client had a severe headache and lost his appetite, so we descended to Horombo", kila neno limekaa na mwenzake. Tazama hiyo "lost": sisi hamu ya kula inatuisha, wao wanaipoteza.

Namna ya kujifunza? Acha kuandika neno moja moja kwenye daftari. Andika jozi nzima, na ukifungua kamusi soma sentensi za mfano, sehemu ambayo wanafunzi wengi huiruka. Angalia na mpangilio pia: sisi tunasema usiku na mchana, Kiingereza mara nyingi huanza na mchana, "day and night".

Zipo jozi ambazo wenye lugha wenyewe hawakubaliani. Mwingereza kwa kawaida husema "have a shower", Mmarekani "take a shower". Kwenye mitihani yetu zote zinapata alama. Na mgeni aliyeshuka mlimani leo, akifika hotelini hapa Moshi, hatajali umetumia ipi alimradi maji ni ya moto.