Dansi ya ghalani kwa wanaoanza: tunayodhani na yalivyo kweli

Kila nikimwambia Mbongo mwenzangu hapa Uingereza kwamba Jumamosi naenda kupanga viti vya barn dance ananiangalia kama nimesema naenda kulima. Dansi ya ghalani, ndo maana yake, ingawa siku hizi ghala lenyewe hulioni, ni kumbi za kanisa, za shule, za mtaa. Wenye asili ya Scotland na Ireland wana yao wanaita ceilidh, inatamkwa keili, na Marekani kuna ndugu zake, ile ya mraba na ile ya mistari wanayoita contra. Zote ukoo mmoja: watu wanasimama duara au mistari, fidla na akodiani zinalia, na mtu mmoja kwenye maiki anawaambia hatua inayofuata, mi huyo namwita mwita hatua.

Nimekaa mlangoni kupokea wageni, nimechemsha chai, nimefagia. Nilichoona ni kwamba watu hawakimbizwi na dansi, wanakimbizwa na waliyosikia kuhusu dansi, alafu na sisi waandaaji tuna yetu tunayojidanganya nayo, na hayo ya kwetu ndo mabaya zaidi.

Dhana: "Mi sijui kucheza, nitaaibika."

Hapa hakuna cha kujua kabla. Kabla muziki haujaanza mwita hatua anawapitisha dansi nzima polepole bila bendi, mara moja au mbili, ndo mnaanza, na hata mkianza bado anaita, kwa hiyo huna cha kukariri. Muziki wenyewe umejengwa kumsaidia anayeanza: wimbo wa kawaida una vipande viwili, kila kipande kinarudiwa, jumla mapigo 64, na kila tendo linakula mapigo 8 au 16, basi sikio lako likishazoea linakuambia lenyewe kwamba sasa tunageuka. Mnazunguka kushoto, mnarudi kulia, mnaenda katikati mnarudi, unamzunguka mwenzio mgongo kwa mgongo (ile do-si-do, neno limetoka kwa Wafaransa na maana yake ni hiyohiyo mgongo kwa mgongo), alafu mnaanza upya. Raundi ya tano mwili unajua hata kama kichwa kinabisha.

Zamani nilikuwa nasema "ukiweza kutembea unaweza kucheza" mpaka dada mmoja aliyekuja na kiti mwendo akaniuliza, na mimi je, nirudi nyumbani? Sina jibu, nikaona aibu mi sasa. Siku hizi nasema ukiweza kwenda kule na kurudi, kwa njia yako yoyote, inatosha.

Dhana: "Lazima niende na mwenza, na awe mwanaume kwa mwanamke."

Hapana mara mbili. Kuna dansi kibao ambazo kila raundi mwenza anabadilika, umekuja na mumeo unamaliza umeshacheza na nusu ya ukumbi akiwemo babu wa miaka themanini na mtoto wa darasa la pili. Kuna za watu watatu watatu. Kuna za duara ambazo hakuna wawiliwawili kabisa.

Hili la mume na mke lina mzizi mrefu, kitabu cha kwanza cha dansi za Kiingereza kilichochapishwa, cha John Playford mwaka 1651, tayari kinapanga wanaume na wanawake, na waita hatua wakaendelea kuita "mabibi" na "mabwana" mpaka juzi. Tatizo ni la kiutendaji kabla halijawa la siasa, maana kwenye ukumbi wa wageni wanawake ni wengi kuliko wanaume, basi unakuta dada ameambiwa wewe leo ni bwana, kila ikiitwa "mabwana" anasahau kuwa ni yeye, seti (kundi la watu wanaocheza pamoja) inavurugika. Wachezaji wengi wa contra kule Marekani wameshahamia majina ya ndege, Larks na Robins, wa kushoto anaanza na L kama left na wa kulia na R kama right, rahisi hivo. Hapa waita hatua wengine hawatumii jina lolote, wanasema tu "aliye upande wa muziki", "wawili wa juu", "anayekutazama". Ukifanya hivi mama na binti wanacheza, rafiki zako wawili wa kike wanacheza, wanaume wawili marafiki wanacheza, na hakuna aliyeulizwa yeye ni nani.

Na ndugu zangu Waislamu mlioniuliza pembeni kuhusu kushikana mikono na asiye maharimu: inawezekana. Unaweza kuomba seti ya wanawake watupu, unaweza kushika ncha moja ya leso na mwenzio ncha nyingine, unaweza kwenda tu bila kushika, dansi haivunjiki. Alafu waandaaji muangalie saa, Desemba kaskazini mwa Uingereza jua linazama kabla ya saa kumi jioni na Juni ni baada ya saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo swala ya Magharibi inaweza kuangukia katikati ya shughuli yenu. Tafuteni kachumba na pangeni mapumziko ya chai muda huo, hamtapungukiwa na kitu.

Dhana: "Hayo mambo ya wazungu."

Hii ndo inanikera kuliko zote maana na mimi niliiamini. Ukweli ni kwamba kule Marekani, enzi za utumwa, wapiga fidla wa kwenye dansi walikuwa mara nyingi watu Weusi, watumwa na walioachiwa huru, ndo waliokuwa wanawachezesha mabwana zao. Banjo yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi, ilivushwa bahari vichwani mwa watu waliofungwa minyororo. Na hii kazi ya kuita hatua juu ya muziki, ambayo ndo moyo wa shughuli nzima kwa anayeanza, mtafiti Phil Jamison wa North Carolina amepekua rekodi za zamani na anaonyesha kwamba ilianzia kwa wapiga fidla Weusi mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo ulitakiwa ujifunze dansi kwa mwalimu wa kulipia, yaani dansi ilikuwa ya wenye nacho, sasa akaja mtu ambaye hakuwa na kitu akaanza kuziita kwa sauti na kila mtu akaweza kuingia. Sisi tunaodai hatuhusiki ndo wenye mlango!

Sasa ilikuaje ikageuka kitu cha wazungu wa shamba? Redio ilichangia, Chicago 1924 na Nashville 1925 vilianza vipindi vya usiku vilivyoitwa Barn Dance na picha ya mkulima mzungu ikakaa. Alafu kuna Henry Ford, yule wa magari, miaka hiyohiyo ya 1920 alimwaga hela nyingi kufufua hizi dansi za zamani na kuziingiza mashuleni, huku gazeti lake likiishambulia jazi na kuwasema vibaya Wayahudi. Kwa maneno mengine alichukua kitu chenye jasho la Weusi akakitumia kama dawa dhidi ya muziki wa Weusi. Mtu ukijua hilo ukaingia ukumbini unaingia na mguu mwingine kabisa.

Na si huko tu. Kwetu Afrika Mashariki waulize Wakikuyu kuhusu mwomboko: wawiliwawili, akodiani ambayo wenyewe wanaita kinanda, pete ya chuma inagongwa, ndani yake kuna hatua walizoziona kwa wazungu enzi za ukoloni wakazipindua zikawa zao. Rafiki yangu mmoja wa Murang'a alikuja kwetu mara ya kwanza akasema hii si ngeni, hii ni ya babu yangu ila imepoteza adabu.

Dhana: "Wa kiti mwendo atakaa pembeni atazame, atafurahi hivohivo."

Hatafurahi. Nani anatoka nyumbani Jumamosi usiku kwenda kuangalia wengine wakicheza?

Hapa waandaaji wengi wanakwama kwa sababu hawajawahi kufikiria mikono. Mtu anayesukuma kiti chake mwenyewe anahitaji mikono miwili kwenye magurudumu, sasa wewe ukiita "shikaneni mikono duara kushoto" umemfunga, akikushika hasogei, akisogea hakushiki. Wa kiti cha umeme ana mkono mmoja kwenye kijiti. Dawa yake ndogo sana: duara zima liende bila kushikana, wote, sio yeye peke yake, au ile nyota, mnayokutanisha mkono mmoja katikati na kuzunguka, mnyooshe tu mkono bila kushika, au utepe mrefu ufungwe kwenye kiti kama mwenyewe ametaka na mwenzie ashike ncha. Kiti kinahitaji kama mita moja na nusu kugeuka kamili, basi seti zipanuliwe nafasi, badala ya seti sita ukumbini ziwe nne. Na muda: kinachochukua mapigo 8 kwa miguu kinaweza kutaka 16 kwa kiti, kwa hiyo mwita hatua anachagua dansi zenye matendo machache yanayopumua, zile za kurushana mstari mzima mkono kwa mkono ziachwe kwa siku nyingine.

Na usimsukume mtu bila kumuuliza. Kiti ni mwili wake. Nimeona kaka mmoja mwenye roho nzuri kabisa anamkamata mtu kwa nyuma anamzungusha "ili afurahie", yule mtu alishuka rangi.

Dhana: "Ukumbi una rampu, tumemaliza."

Rampu ina mteremko wake, kipimo kinachotumika sana ni kupanda 1 kwa kila 12 za urefu, ile ya ubao mliyoegesha kwenye ngazi tatu ni mtego. Choo cha walemavu kimejaa viti vilivyokunjwa na mti wa Krismasi, nenda katazame sasa hivi ukumbi wowote wa mtaa uniambie nimekosea. Sakafu ya zege inaumiza magoti ya kila mtu ndani ya saa moja, ya mbao inasamehe. Viti vya kupumzikia viwepo vyenye mikono ya kuegemea, maana mzee bila hiyo mikono hainuki.

Sauti ndo watu wanasahau kabisa. Ukumbi unavuma, bendi inapiga, mwita hatua anaongea kama mnada, mwenye mashine ya kusikia anapata kelele tupu. Kumbi nyingi hapa zina ule waya wa lupu unaopeleka sauti ya maiki moja kwa moja kwenye mashine ya sikio, upo umefungwa ukutani na hakuna anayekumbuka kuuwasha. Washeni. Muziki uzimwe kabisa wakati wa kufundisha, mwita hatua asimame kwenye mwanga, maiki isifunike mdomo maana kuna wanaosoma midomo, na kila tendo lionyeshwe na watu katikati sio kuelezwa tu. Wakija viziwi wekeni mkalimani wa lugha ya alama jukwaani pembeni ya mwita hatua na mpeni orodha ya dansi mapema, hapa lugha yao imeshatambuliwa na sheria tangu 2022, sio hisani.

Kwa mtu asiyeona ni kinyume, maneno yabebe kila kitu. "Fanyeni hivi" haisemi kitu, "mkono wa kulia kwa mwenzio, zungukeni mpaka mlipoanzia" inasema. Na chumba cha kimya, hata kama ni kajiko ka nyuma kenye taa ndogo, kwa ambaye kelele zinamzidi.

Tangazo nalo liseme ukweli. Kama kuna ngazi mbili mlangoni andika kuna ngazi mbili, usiandike "ukumbi rafiki kwa wote", mtu amekodi teksi akafika akarudi, mwaka ujao hatakuja na atawaambia wenzake.

Dhana: "Kukataa kucheza au kuzungushwa ni dharau."

Si dharau. Ile swing ya kuzungushana kwa kasi inaleta kizunguzungu, mwenye mgongo mbovu au mjamzito hataki, na mwingine hataki tu. Mwita hatua aseme mwanzoni kabisa kwamba kila swing inaweza kuwa kushikana mikono miwili na kuzunguka taratibu, na "hapana asante" haina maelezo. Kumbi zingine zinagawa vitambaa vya rangi vya mkononi, rangi fulani maana yake usinizungushe, basi hakuna maneno.

Dhana: "Wazoefu wataboreka."

Wana usiku wao. Wengine hata hawaboreki, mpe mzoefu kazi ya kukaa kwenye seti ya wageni bila kuwavuta mikono, hiyo ni ngumu kuliko dansi yoyote.

Dhana: "Lazima kofia ya cowboy na gauni la maua." Hapana. Viatu visivyoteleza na visivyonata, basi, njoo na dera lako.

Dhana: "Msaidizi naye alipe, si anaingia?" Mtu ambaye hawezi kutoka bila msaidizi akilipishwa tiketi mbili umemuuzia kiingilio mara mbili ya jirani yake. Msaidizi bure, iandikwe kwenye tangazo asilazimike kuomba, na kwenye hesabu ya keki mhesabuni.