Choo cheusi si cha kunyamaziwa: maswali kuhusu uvimbe wa GIST

GIST ni nini?
Ni uvimbe adimu unaoota ndani ya ukuta wa njia ya chakula, mara nyingi kwenye mfuko wa chakula. Si ile saratani ya tumbo iliyozoeleka, inayoanzia kwenye utando wa ndani. Huu huanzia chini ya utando. Ukiwa mdogo unaweza kukaa kimya miaka. Ukikua unaweza kusambaa hadi kwenye ini.

Choo changu kikiwa cheusi nameza omeprazole, dawa ya vidonda vya tumbo, kinaacha. Kuna haja ya kwenda hospitali?
Ipo, na ni leo. Choo cheusi ti, kinachonata kama lami na kunuka vibaya, ni damu iliyovujia tumboni. Nani alikwambia ni vidonda vya tumbo? Kama hujawahi kufanyiwa endoskopia, yaani kuangaliwa tumbo kwa kamera inayopitishwa mdomoni, hakuna anayejua, hata muuza duka la dawa. Uvimbe huu huvuja damu, ukaacha, ukavuja tena. Dawa inapewa sifa isiyo yake. Wagonjwa wanatufikia viganja vimepauka, wanahema kwa hatua chache, mkobani wana paketi tupu za vidonge na chupa ya mitishamba. Na hata viwe vidonda kweli, kidonda kinachotoa damu ni dharura.

Si vidonge vya kuongeza damu vinavyogeuza choo kuwa cheusi?
Vinaweza. Lakini damu ilipungua kwa nini? Mwanamume mzima, au mama aliyekoma hedhi, hapungukiwi damu bure. Nenda ukapimwe.

Nilifanyiwa endoskopia, kinyama kilichokatwa kupimwa kikarudi hakina shida. Nimepona wasiwasi?
Bado, kama daktari aliona uvimbe. Kinyama cha juujuu mara nyingi hakiufikii. Uliza kuhusu CT scan, au ultrasound inayofanywa kupitia endoskopia. Kinyama cha uvimbe wenyewe kikipatikana, maabara hutafuta protini iitwayo CD117.

Upasuaji ni kutolewa tumbo lote?
Mara nyingi hapana. Daktari hukata uvimbe na sehemu ndogo ya ukuta unaouzunguka, kisha hushona. Tezi za limfu kwa kawaida haziguswi, maana huu ni nadra kupita huko. Kazi kubwa ni kuutoa mzima: ukipasuka, seli zake humwagika tumboni na hatari ya kurudi hupanda. Kwa hiyo tafadhali, uvimbe wa tumbo haukandwi. Ukiwa mkubwa sana, hutangulizwa dawa ya imatinib ili unywee. Wenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi huimeza pia baada ya upasuaji, kwa kawaida miligramu 400 kila siku kwa miaka 3. Usiikatishe kwa kuwa unajisikia vizuri.

Naweza kusubiri mwisho wa mwezi?
Kwa choo cheusi, kutapika damu au kizunguzungu ukisimama, usisubiri hata kesho asubuhi. Usimeze diklofenaki wala aspirini ya kutuliza maumivu. Nenda hospitali inayoweza kukuongezea damu, na ndugu mmoja akusindikize.