Falsafa si somo la mapadre pekee

Dhana iliyoenea Dar es Salaam, kwamba anayesomea shahada ya kwanza ya falsafa anajiandaa kwa upadre, ina chanzo kinachoeleweka: Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 humtaka mseminari asome falsafa kwa muda usiopungua miaka 2. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho ni cha umma, nacho hufundisha falsafa. Ndani ya falsafa imo mantiki, yaani elimu ya kupambanua hoja sahihi na hoja potofu. Anayejua kwamba mvua kubwa ikinyesha mjini bonde la Jangwani hufurika, kisha akaliona limefurika na kuhitimisha kwamba mjini kumenyesha, amekosea, kwa kuwa Mto Msimbazi huweza kuleta maji kutoka vilima vya Pugu. Kosa hilo, linalosikika mno katika mijadala yetu ya siasa, hubainishwa mapema darasani.