Tangi la Samaki: Jihadhari na Sifuri ya Uongo

Miezi ya karibuni dawati letu limepokea malalamiko mengi ya wafugaji wa samaki wa mapambo kutoka Kampala, Entebbe na Jinja. Samaki wanakufa, lakini seti ya kupimia maji inaonyesha kila kitu ni shwari, kwa hiyo mfugaji anaamini kauziwa seti bovu. Seti kadhaa tulizoletewa tulizijaribu kwa maji ambayo kiwango chake tunakijua, na nyingi zilikuwa nzima. Hitilafu ilikuwa kwenye namna ya kupima.

Tuanze na nitreti, yaani mabaki ya mwisho ya uchafu wa samaki yanayojilimbikiza majini, maana huko ndiko sifuri nyingi za uongo zinakozaliwa. Katika seti nyingi za matone, kitendanishi (dawa ya kupimia) cha pili kina unga unaotua chini ya chupa na kugandamana. Kazi ya unga huo ni kugeuza nitreti kuwa nitriti, sumu inayoitangulia nitreti tangini, kisha nitriti ndiyo inayotoa rangi. Usipotikisa, unadondosha maji yasiyo na unga, neli (kichupa cha kupimia) inabaki ya njano, nawe unaandika sifuri. Gonga kitako cha chupa mezani, itikise kwa nguvu kwa sekunde 30, dondosha, tikisa na neli yenyewe kwa dakika 1, halafu subiri dakika 5 kwa saa, si kwa kukisia. Karatasi ya seti yako ikitaja muda tofauti, ifuate hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, tangi jipya ambalo bado lina nitriti litaonyesha nitreti nyingi kuliko iliyomo. Na tangi lenye samaki wengi, lisilo na mimea, lililokaa majuma bila kubadilishwa maji, haliwezi kuwa na nitreti sifuri. Ukiipata, rudia kipimo.

Mkono nao una makosa yake. Chupa ishikwe wima kabisa, kwa kuwa ikiinama matone hayalingani ukubwa. Neli isuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe, ijazwe hadi mstari ukiutazama usawa wa jicho, na ifungwe kwa kifuniko chake. Tafadhali msizibe kwa kidole gumba: jasho na sabuni vinaingia kwenye kipimo. Rangi isomwe mchana, kivulini, neli ikiwa mbele ya karatasi nyeupe. Taa ya tangi na tochi ya simu hubadilisha rangi. Wanaotumia vijiti vya karatasi wafunge kopo mara tu wanapotoa kijiti, hasa walio karibu na ziwa, kwa sababu unyevunyevu huviharibu hata kabla ya tarehe ya mwisho.

Wengine wanatuletea mgongano huu: seti nyumbani imesoma nitreti miligramu 20 kwa lita, maabara imeandika 4.5, basi mmoja anadanganya. Hakuna anayedanganya. Seti nyingi huhesabu nitreti nzima, ilhali maabara nyingi huhesabu nitrojeni iliyomo tu. Zidisha jibu la maabara kwa 4.43 utapata karibu 20 ileile. Someni kipimio kilichoandikwa pembeni mwa namba kabla ya kupiga simu.

Kuhusu amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki, narudia jambo ambalo tumelisema kila kampeni: maji maangavu si kipimo. Amonia haina rangi. Tena namba ya amonia peke yake haitoshi, kwani seti hujumlisha amonia yote, yenye sumu kali na isiyo nayo. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7, sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 inapita asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Kwa hiyo pH ipimwe papo hapo, na kila siku saa ileile, kwa kuwa kwenye tangi lenye mimea hupanda kuelekea jioni na kushuka alfajiri. Maji ya kisima kirefu yapulizwe hewa usiku kucha kabla ya kupimwa, ili gesi ya kaboni inayoshusha pH itoke. Maji ya bomba yana klorini na lazima yatiwe dawa ya kuiondoa, ila baadhi ya dawa hizo huvuruga vitendanishi vya amonia vya aina ya Nessler, vinavyotoa rangi ya njano hadi kahawia. Ukitumia dawa hizo, nunua seti ya salisileti, ile inayogeuka kijani. Nessler ina zebaki, hivyo mabaki yake yasimwagwe kwenye sinki.

Ukiendelea kuwa na shaka, leta sampuli. Chupa iwe safi, isuuzwe mara tatu kwa maji ya tangi, ijazwe pomoni bila hewa, iwekwe kwenye barafu na ifike ndani ya saa 24. Lebo iwe na tarehe, saa, joto la maji, chanzo chake, na pH uliyopima nyumbani. Sampuli isiyo na lebo haipokelewi. Iliyoletwa kwenye chupa ya soda inarudishwa, na iliyopigwa jua kwenye boda boda tutaipokea ila jibu lake litaandikwa kuwa si la kutegemewa. Marudio hulipiwa upya.

Wapo wanaokata tamaa na kwenda kuwamwaga samaki wao ziwani. Msifanye hivyo. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za nkejje, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zimetoweka tangu hapo. Kuingiza samaki wa kigeni kwenye maji ya asili bila kibali ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani. Asiyeweza tena kuwafuga amwone ofisa uvuvi wa wilaya yake.