Picha Iliyoganda kwenye Kioo

Wiki iliyopita binti mmoja aliingia karakanani kwangu Gerezani na fremu iliyofungwa kwenye kanga. "Shikamoo fundi. Kioo kimepasuka kona, naomba unibadilishie tu." Marahaba, nikaigeuza kwenye mwanga. Babu yake amesimama na sanduku la bati miguuni, anasubiri treni ya Tabora. Shavuni na kwenye kiatu kimoja kulikuwa na mabaka yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Hapo "tu" ikaisha: picha ilikuwa imeganda kwenye kioo.

Picha nyingi za zamani zisizo na rangi zina utando wa jelatini uliobeba chembechembe za fedha. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na inapenda maji kweli. Masika ikiingia, hewa ya Dar inajaa unyevu na utando unavimba, unakuwa laini. Kiangazi unakauka. Kama umegusana na kioo, umenasa. Nilipokuwa nikijifunza kazi niliwahi kuibandua picha ya harusi ya mteja kwa wembe. Uso wa bibi harusi ulibaki kwenye kioo, na mimi nikabaki na karatasi nyeupe mkononi. Tangu siku hiyo sibandui. Napiga picha kupitia kioo hichohicho, mwanga ukitokea pembeni ili usiakisi, halafu ndipo tunazungumza.

Nilipoikuza kwenye kompyuta, mambo yakaanza kujitokeza. Nyumbani kwao inaitwa picha ya vita vya Hitla. Sasa, jengo la Stesheni halikusaidii sana kujua mwaka. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati hapa Dar mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na jengo lao limeonekana kwenye picha za kila utawala uliofuata. Angalia vilivyolizunguka. Juu ya bega la babu, kwa mbali, Mnara wa Saa ulikuwa unachungulia. Mnara huo ni wa mwaka 1961, Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Vita vya Hitla vimeingiaje hapo?

Picha za mtaani nazipima hivyohivyo. Sanamu ya Askari ikiwepo, hujarudi nyuma ya 1927. Kabla ya Waingereza kuushika mji mwaka 1916, pale ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Kibao kikisema Acacia Avenue, huo ni mtaa tunaouita Samora leo, na herufi zikisomeka kinyume ujue negativu iligeuzwa wakati wa kusafisha. Kuna mtu aliwahi kuniletea "stesheni ya Mkoloni" kumbe ni TAZARA, reli iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975! Upana wa reli usingemwokoa: Reli ya Kati ni milimita 1,000 na TAZARA 1,067, nani ataiona tofauti hiyo kwenye picha?

Ukitaka kununua, beba kioo cha kukuzia. Ukiona vidoti vidogo vimejipanga, hiyo imechapwa na mashine, hata kama imepakwa rangi ya chai ili ionekane kongwe. Zinauzwa nyingi na ukutani zinapendeza, ila usilipe bei ya picha halisi.

Kwenye fremu, mimi ni mbishi kwa jambo moja: kati ya picha na kioo lazima kuwe na nafasi. Nakata kadi nene isiyo na asidi, yenye dirisha katikati, kioo kikae juu ya kadi. Picha naishika kwa pembe za karatasi. Selotepu na gundi ya mbao hazigusi kazi yangu. Hadibodi ya nyuma inatoa asidi na kuacha madoa ya kahawia, kwa hiyo inatengwa kwa karatasi safi. Nyuma ya fremu nabandika vipande vya kizibo ili hewa ipite, maana ukuta unaopigwa na mvua unatoa jasho, na mchwa nao wanaupenda.

Binti alisikiliza yote, kisha akauliza kama babu ataharibika zaidi. Nikamwambia akikaa pakavu, gizani, atadumu. Nakala yake mpya, yenye kadi na kioo kipya, inatundikwa sebuleni, mbali na dirisha la magharibi. Babu mwenyewe nimemlaza kwenye boksi pamoja na kioo chake kilichopasuka, na nyuma nimeandika kwa penseli: si kabla ya 1961.